Kila kromosomu ina kwake: jeni hukaaje ndani ya kiini cha seli

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari. Vitabu vyetu vinaonyesha kromosomu zikiwa na umbo la X, kisha vinasema umbo hilo huonekana wakati seli inapogawanyika tu. Mwanafunzi wangu mmoja akauliza: wakati mwingine wote zinakaaje? Zimevurugana kama uzi uliofumuka? Sikuwa na jibu la kumridhisha. Tena, je, mahali jeni ilipo ndani ya kiini pana maana yoyote, au mfuatano wa herufi za DNA ndio unaoamua kila kitu? Na nikitaka kuwachorea ubaoni, nichore nini?

Jibu: Mwalimu, mpe mwanafunzi huyo pongezi zangu. Swali lake lilisumbua maabara kubwa kwa karibu miaka mia moja, na kwa muda mrefu wengi waliridhika na jibu hilo hilo la uzi uliofumuka. Walikosea.

Kromosomu hazijavurugana. Kila moja hushika eneo lake ndani ya kiini, na ndani ya eneo hilo uzi wake umekunjwa kwa namna inayochangia kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Ila usimwambie kwamba kuna ramani moja ambayo kila seli huifuata, kwa sababu haipo. Kromosomu zina mazoea, hazina anwani. Nitalirudia jambo hili, maana linawapotosha hata watu waliosoma.

Vipimo kwanza. Kiini cha seli ya binadamu kwa kawaida kina upana wa mikromita 6 hadi 10. Mikromita 10 ni sehemu moja ya mia ya milimita. Ndani yake mna kromosomu 46, na nyuzi zake za DNA zikiungwa ncha kwa ncha zinafikia urefu wa mita 2 hivi. Kuza kila kitu mara 10,000: kiini kinakuwa mpira wa sentimita 10, na uzi uliomo ndani yake unakuwa na urefu wa kilomita 20, mwembamba kuliko unywele. Watu wakisikia hivyo hudhani tatizo ni nafasi. Nafasi ipo tele. DNA yenyewe hujaza asilimia chache tu ya kiini. Kazi ngumu iko kwingine: kuzuia mafundo, na kuhakikisha kwamba vipande viwili vinavyotakiwa kukutana vinakutana, ingawa kati yao pana uzi mrefu ajabu.

Hatua ya kwanza ya kukunja unaifundisha tayari: herufi 147 za DNA huzunguka kundi la protini nane za histoni, zaidi kidogo ya mzunguko mmoja na nusu, na kufanya kitu kama ushanga. Kuanzia hapo vitabu vingi huonyesha shanga zikijisokota kuwa uzi mnene wa nanomita 30 (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikromita), uzi huo ukijisokota tena, ngazi juu ya ngazi, hadi umbo la X. Nakuomba uwe mwangalifu na mchoro huo. Uzi wa nanomita 30 uliopangika vizuri hupatikana ukitoa kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, nje ya seli na kuiweka kwenye myeyusho wa maabara. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Salk, Marekani, waliitazama kromatini ndani ya kiini cha seli za binadamu kwa hadubini ya elektroni, wakakuta mnyororo usio na mpangilio wa ngazi, unene wake ukibadilika kati ya nanomita 5 na 24. Kinachotofautiana kutoka sehemu hadi sehemu ni msongamano: kwingine shanga zimebanana, kwingine zimeachana.

Sasa hayo maeneo. Mwaka 1885 Carl Rabl, mwanaanatomia wa Austria, alichunguza seli za salamanda na kupendekeza kwamba kromosomu hazipotei seli inapomaliza kugawanyika. Hulegea tu, kila moja ikibaki upande wake. Mwaka 1909 Theodor Boveri wa Ujerumani, aliyekuwa akichunguza mayai ya mnyoo wa farasi, aliliendeleza wazo hilo na kulipa jina: eneo la kromosomu. Halafu zikaja hadubini za elektroni. Zilipoelekezwa kwenye kiini zilionyesha nyuzi tupu zisizo na mipaka, na wazo la Rabl na Boveri likawekwa kando.

Jaribio lililolirudisha nalipenda sana, kwa kuwa unaweza kulieleza darasani bila kifaa chochote. Ndugu wawili Wajerumani, Thomas Cremer, daktari, na Christoph Cremer, mwanafizikia, walijiuliza hivi katika miaka ya 1970: tukichoma sehemu ndogo sana ya kiini kwa mwale mwembamba wa leza ya urujuanimno, kisha tukasubiri seli igawanyike ili kromosomu zionekane moja moja, majeraha tutayakuta wapi? Ikiwa nyuzi zote zimechanganyika, mwale utakuwa umepita kwenye vipande vya kromosomu nyingi, kwa hiyo karibu kila kromosomu itakuwa na jeraha dogo. Ikiwa kila moja ina kwake, majeraha yatalundikana kwenye kromosomu chache na nyingine zote zitakuwa salama. Simamisha somo hapo, mwalimu, wanafunzi wabashiri kabla hujawaambia. Majeraha yalikutwa kwenye chache. Miaka ya 1980 ikapatikana mbinu ya kuipaka kromosomu moja rangi inayong'aa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kilichokuwa hoja kikawa kitu cha kuonwa kwa macho: baka moja la rangi, limejikusanya upande mmoja wa kiini.

Mabaka hayo hayana kuta. Mwanafunzi mwerevu atauliza ni nini basi kinachoyazuia yasichanganyike, na sehemu kubwa ya jibu ni muda. Kromosomu hutoka kwenye mgawanyiko ikiwa bonge lililokazwa, kisha hufunguka polepole. Uzi mrefu kiasi hicho, ukizungukwa na nyuzi nyingine ndefu, hauwezi kupenya katikati ya wenzake upesi. Mahesabu ya fizikia yanaonyesha kwamba kuchanganyika kabisa kungehitaji muda unaozidi mno maisha ya seli. Mipakani hupenyana kidogo, na kugusana huko kuna gharama zake: nyuzi mbili jirani zikikatika kwa wakati mmoja, zinaweza kuunganishwa vibaya. Kwenye seli za damu, kromosomu ya 9 na ya 22 hukaribiana kuliko ambavyo bahati pekee ingetoa, na kubadilishana vipande kwa hizo mbili ndiko kunakosababisha aina moja ya saratani ya damu.

Je, kromosomu fulani hupendelea upande fulani? Ndiyo, na mfano mzuri kuliko yote ni wa 18 na 19. Urefu wake haupishani sana, herufi milioni 80 kwa milioni 59 hivi. Lakini 19 imejaa jeni, karibu 1,400 zinazotengeneza protini, wakati 18 haina hata 300. Mwaka 1999 kundi la Wendy Bickmore huko Edinburgh lilionyesha kwamba kwenye seli nyeupe za damu 19 hukaa kuelekea katikati ya kiini na 18 hukaa ukingoni. Kanuni ya jumla inafuata hapo: penye jeni nyingi zinazosomwa huelekea ndani, penye jeni chache huelekea nje. Kwenye seli bapa, ukubwa wa kromosomu nao huwa na sauti.

Huko ukingoni pana sababu ya kuvutia. Chini tu ya utando wa kiini kuna wavu wa protini ziitwazo lamini. Mwaka 2008 kundi la Bas van Steensel, Uholanzi, lilihesabu zaidi ya vipande 1,300 vya DNA ya binadamu vinavyogusana na wavu huo, na jeni nyingi zilizomo zimenyamaza. Ukitazama picha ya hadubini ya elektroni utaiona kromatini hiyo ikiwa giza zito linalozunguka kiini, isipokuwa mbele ya vitundu vya utando, ambako pako wazi. Mabadiliko ya herufi moja kwenye jeni ya lamini A husababisha projeria, ugonjwa unaowazeesha watoto mapema. Kwenye seli zao kiini hupoteza umbo la duara na lile giza la ukingoni hupungua. Kituo kingine ni nukleoli, zinapotengenezwa ribosomu, mashine za seli za kutengeneza protini. Hapo hukutana kromosomu tano, 13, 14, 15, 21 na 22, kwa kuwa jeni za RNA ya ribosomu zimo kwenye mikono yao mifupi.

Hadi hapa nimezungumzia kinachoonekana kwa hadubini. Yaliyo madogo zaidi, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito, yalifunguliwa na mbinu nyingine kabisa. Mwaka 2002 Job Dekker na wenzake walichapisha njia hii: zigandishe seli kwa formalini ili vipande vya DNA vilivyo karibu vishikamane, kata DNA kwa vimeng'enya, unganisha upya ncha zilizo karibu, kisha soma ni kipande gani kimeungana na kipi. Vipande vilivyo mbali kwenye uzi lakini vimeungana vilikuwa majirani ndani ya kiini. Mwaka 2009 mbinu hiyo ikapanuliwa kupima jenomu nzima, yaani DNA yote ya seli, kwa mkupuo. Matokeo ya kwanza yalikubaliana na picha za zamani: kromatini inayosomwa hukaa na inayosomwa, iliyonyamaza hukaa na iliyonyamaza, kila moja ikijitenga kama mafuta na maji. Mwaka 2012 ikaonekana ngazi ya chini yake: kila kromosomu imegawanyika katika mitaa ya herufi laki kadhaa hadi milioni moja au zaidi, ambamo vipande hugusana sana vyenyewe kwa vyenyewe na kwa nadra na mtaa wa jirani.

Nani anaijenga mitaa hiyo? Protini yenye umbo la pete, kohesini. Pete hushika uzi na kuanza kuuvuta kutoka pande mbili, kitanzi kikitokeza na kukua, hadi igonge kizuizi. Kizuizi ni protini nyingine, CTCF, ambayo hushika herufi maalumu zenye mwelekeo, kama mshale. Pete husimama mishale miwili inapotazamana. Ramani ya mwaka 2014 ilihesabu vitanzi karibu 10,000, na vilivyo vingi mno vilikuwa na mishale inayotazamana. Wakati huo kuvutwa kwa uzi kulikuwa dhana tu. Mwaka 2019 watafiti waliiweka kohesini ya binadamu juu ya uzi mmoja wa DNA kwenye kioo cha hadubini, wakaiona ikivuta kitanzi mbele ya macho yao, kwa kasi ya karibu herufi 1,000 kwa sekunde. Nimetazama picha hizo mara nyingi na bado hunigusa.

Sasa nijibu swali lako la pili, kama mahali pana maana. Jeni nyingi haziwashwi na herufi zilizo mlangoni pake peke yake. Ziko swichi, vipande vifupi vya DNA vilivyo mbali, ambavyo ni lazima vikaribiane na jeni ndipo isomwe. Jeni moja inayoongoza uotaji wa mikono na miguu kwenye kiinitete, Sonic hedgehog, ina swichi iliyo umbali wa herufi karibu milioni moja, tena imejificha ndani ya jeni nyingine isiyohusika na kazi hiyo. Herufi moja ikibadilika kwenye swichi hiyo, mtoto anaweza kuzaliwa na vidole vya ziada, ingawa jeni yenyewe ni nzima kabisa.

Swichi inayofika mbali kiasi hicho inaweza pia kuwasha jeni isiyo yake, na mipaka ya mitaa husaidia kuzuia hilo. Mwaka 2015 kundi la Stefan Mundlos huko Berlin lilieleza familia zenye maumbile tofauti ya vidole: vifupi, vilivyoshikana, au vilivyozidi. Wote walikuwa na kasoro kwenye eneo moja la kromosomu ya 2, kandokando ya jeni ya EPHA4. EPHA4 ina swichi kali zinazofanya kazi kwenye mikono na miguu inayoota. Mpaka wa mtaa ulipokuwa umefutwa au kuhamishwa, swichi hizo zilianza kuwasha jeni za mtaa wa pili, PAX3 kwa baadhi ya wagonjwa na nyingine kwa wengine. Watafiti walitengeneza panya wenye kasoro zile zile na wakapata vidole vyenye hitilafu. Walipofuta eneo hilo lakini wakauacha mpaka, jeni za jirani hazikuwashwa ovyo. Hakuna jeni iliyokuwa imeandikwa vibaya. Kilichobadilika ni nani anamgusa nani.

Bado mtu makini anaweza kupinga: pengine jeni huwaka kwanza, kukaribiana kukafuata. Jibu zuri lilitoka kwenye maabara ya Gerd Blobel huko Philadelphia mwaka 2012. Jeni ya globini ya beta, inayotengeneza sehemu ya hemoglobini, huwashwa na kundi la swichi lililo mbali nayo kwa makumi ya maelfu ya herufi. Watafiti walichukua seli ambazo kitanzi kati ya hizo mbili hakiwezi kujengeka, wakatia protini waliyoiunda ili ivishikize vipande hivyo viwili kwa nguvu. Kitanzi kikajengeka, na jeni ikaanza kusomwa. Hapo kukaribiana kulikuwa sababu.

Kwa upande wa ukingo wa kiini, ushahidi ni wa mchanganyiko, na ni afadhali wanafunzi walijue hilo. Mwaka 2008 maabara kadhaa zilizivuta jeni kwa makusudi na kuzifunga kwenye wavu wa lamini. Baadhi zilinyamaza, nyingine ziliendelea kusomwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 2017 ikapatikana njia ya kuiharibu kohesini yote ndani ya seli kwa muda mfupi. Vitanzi vilitoweka, lakini katika saa chache zilizofuata jeni zilizobadilika sana zilikuwa chache kuliko wengi walivyotarajia. Mimi nasoma matokeo hayo hivi: seli iliyokwisha kukomaa inaweza kuendelea kwa muda na maamuzi yaliyokwisha kupitishwa, ila kiinitete, ambamo maamuzi mapya hupitishwa kila saa, hakina nafasi hiyo.

Kuna kiumbe kinachovunja kanuni ya ndani na nje, nami sipendi kumaliza bila kukitaja. Mwaka 2009 Irina Solovei na wenzake, Ujerumani, walichunguza seli za fito kwenye jicho la panya, zile zinazohisi mwanga hafifu. Kiini chake kimegeuzwa: kromatini nzito iliyonyamaza imekusanyika katikati, na inayosomwa iko ukingoni. Hali hiyo ipo kwa mamalia wa usiku, wala haipo kwa wale wa mchana. Bonge la katikati hufanya kazi kama lenzi ndogo, na viini vikipangwa safu juu ya safu hupitisha mwanga bila kuutawanya sana. Jeni hizo husomwa bila shida zikiwa zimekaa kinyume. Baadaye ilionekana kwamba seli hizo hazina vishikizo vinavyoifunga kromatini nzito kwenye utando. Yaani kromatini nzito hushikamana yenyewe kwa yenyewe, na isipofungwa ukingoni huishia katikati. Kanuni tunayoiona kwenye seli nyingine ni matokeo ya kufungwa huko.

Sasa nirudi kwenye mazoea. Seli inapogawanyika, kohesini na CTCF kwa sehemu kubwa huachia, mitaa hutoweka, na pete nyingine, kondensini, hukaza kila kromosomu kuwa lile umbo unalolifahamu. Seli mbili zinazozaliwa huanza upya. Ya 18 itarudi ukingoni na 19 itarudi ndani, lakini majirani wa kila kromosomu wanaweza kuwa wengine. Hata vitanzi havidumu. Mwaka 2022 kitanzi kimoja kilifuatiliwa kwenye seli hai za panya, kikaonekana kimefungwa kikamilifu kwa asilimia 3 hadi 6 tu ya muda, kila mara kwa dakika 10 hadi 30. Ramani zote nilizozitaja ni wastani wa mamilioni ya seli. Ukizionyesha darasani, sema hivyo kwa sauti.

Ubaoni basi. Chora duara kubwa na mabaka ya rangi manne au matano, yagusane bila mistari ya mpaka kati yake. Chora nukleoli, na mabaka mawili yaiguse. Tia giza kuzunguka ukingo kwa ndani, ukiacha mapengo meupe penye vitundu. Andika 19 karibu na katikati, 18 kwenye giza. Pembeni kuza baka moja: uzi wenye vitanzi vya ukubwa tofauti, kwenye shina la kila kitanzi pete ndogo na mishale miwili inayotazamana, na ndani ya kitanzi kimoja nukta nyekundu ya swichi ikiigusa jeni. Usichore ngazi za misokoto. Kisha, bila kufuta chochote, chora duara la pili, seli pacha ya ile ya kwanza, yenye mabaka yale yale ila majirani wamebadilika, na uwaulize wanafunzi ni nini kilichobaki vilevile.